Gari linamisi: ni waya za plagi au ni maneno ya dukani?

"Bosi, ukifunga hizi gari linakuwa jepesi, mafuta utasahau." Maneno hayo niliuziwa Gerezani, Kariakoo, pamoja na seti ya waya za plagi, nyekundu, nene kama kidole, zimeandikwa "10 mm" kwa herufi za fedha. Corolla 110 yangu ilikuwa inamisi, yaani silinda inaruka mpigo bila kuwaka, tangu masika yaanze. Nikafunga, na kweli, kumisi kukaisha siku hiyohiyo. Nikamsifu muuzaji kwa kila aliyenisikiliza.

Wiki mbili baadaye redio ilikuwa inakoroma kila nikikanyaga mafuta, na kwenye sheli nilikuwa natoa hela ileile ya kabla halijaanza kumisi. Nikazitoa uvunguni zile waya za zamani nikazipima kwa mita. Tatu zilikuwa nzima kabisa. Moja ilikuwa imekatika ndani. Kumbe kilichoponya gari si wekundu wala unene. Ni kuondoka kwa waya moja mbovu, na seti yoyote nzima ingefanya kazi hiyohiyo.

Ndiyo maana sifa za waya hizi haziishi mjini. Mtu hafungi waya mpya gari likiwa zima; anafunga likiwa linasumbua. Likipona, sifa zinakwenda kwenye chapa. Hapa chini nimepanga dalili moja moja kama tunavyokutana nazo Dar, na chanzo chake, ili ujue lini waya inahusika na lini unapotezewa muda.

Kabla ya yote: gari lako lina waya za plagi?

Fungua boneti. IST, Vitz ya injini ya 1NZ, Premio, Allion, Passo na ndugu zao zina koili moja (kifaa kinachopandisha umeme) juu ya kila plagi, ile inayorusha cheche ndani ya silinda. Hakuna waya ya umeme mkubwa pale; ile nyembamba inayoingia kwenye koili ni ya volti 12 na ishara. Mwenye gari la aina hiyo akiambiwa abadilishe "waya za plagi", asimame hapohapo. Huwa anaishia kuuziwa seti ya waya za ethi za rangi rangi, zinazotoka kwenye betri kwenda kwenye injini. Kama ethi ya kiwandani imeoza kwa kutu, waya moja ya kawaida iliyofungwa vizuri inatosha. Kama haijaoza, umenunua urembo.

Zenye waya ni Corolla za 100 na 110, Starlet, Carina za zamani, Hiace za petroli za 1RZ na 2RZ, Townace, Kirikuu za zamani zenye distributa (kile kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi), na nyinginezo za umri huo. Bodaboda na bajaji nazo zinayo, na huko nako rangi zinauzika sana.

Waya inafanya nini hasa

Koili ndiyo inayotengeneza umeme mkubwa, kati ya volti 10,000 na 30,000 hivi kutegemea plagi inahitaji kiasi gani. Waya kazi yake ni kuufikisha bila kuuvujisha. Ni kama bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi la juu ya nyumba: likitoboka utakosa maji, likizibuliwa yatarudi, lakini hata ukifunga bomba la inchi sita, tangi halipandi juu zaidi.

Wauzaji wanapenda kutaja ukinzani, zile omu. Waya ya kaboni ya kiwandani huwa na kiloomu kadhaa, na waya za kisasa zenye uzi wa chuma uliosokotwa kama springi zina omu chache mno. Hilo ni kweli kabisa, na linaandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. Kisichoandikwa ni kwamba kabla cheche haijaruka, hakuna mkondo wa maana unaopita kwenye waya, kwa hiyo ukinzani hauli volti zinazofika kwenye plagi. Cheche ikisharuka, mkondo ni mdogo, makumi ya miliampea tu. Na hapo bado uzi wa ndani ya koili una kiloomu zake kama 10, na plagi yenyewe ikiwa na herufi R, mfano Denso K16R-U11, imewekewa kizuizi cha takriban kiloomu 5 kwa makusudi. Unaondoa omu kwenye waya, unaziacha mlango wa mbele na mlango wa nyuma.

Faida kidogo ya nishati ipo, sikatai. Lakini mchanganyiko wa petroli na hewa katika injini ya kawaida ukishawaka, umewaka. Cheche nene haiuwashi mara mbili.

Na unene je? Milimita 8 au 10 ni unene wa ganda, si wa njia ya umeme. Ganda nene la silikoni lina faida yake na nitaitaja, ila halina uhusiano wowote na nguvu ya farasi.

Dalili ya 1: linamisi asubuhi au kwenye mvua, likipata moto linatulia

Hii ndiyo dalili ya waya kuliko zote, na ndiyo inayojaza gereji kati ya Machi na Mei. Ganda la waya au kofia yake ya mpira limepasuka nyufa ambazo mchana huzioni. Unyevu ukiingia, umeme unapata njia fupi ya kwenda kwenye bodi ya injini kuliko kuruka ndani ya silinda. Injini ikipata joto, unyevu unakauka na ugonjwa unajificha. Ukifika kwa fundi saa nne, gari limetulia kama si lenyewe. Wakaao karibu na bahari, Mbezi Beach, Kunduchi au Kigamboni, wana chumvi juu ya unyevu, na chumvi ikilala kwenye mpira inaupa umeme barabara ya lami.

Kipimo chake ni cha bure. Subiri usiku, zima taa za uwanjani, washa gari, fungua boneti. Chukua chupa ya kupulizia nywele, weka maji, pulizia ukungu kidogo juu ya waya moja moja, mbali na feni na mikanda. Waya inayovuja itakuonyesha cheche za bluu zikitambaa juu ya ganda, na injini itakohoa wakati huohuo. Usishike kitu. Umeme ule unarusha mkono, na mkono ukirushwa unaweza kutua kwenye feni. Mwenye betri ya moyo asisogee kabisa.

Kama waya zote zimenyamaza, pulizia kifuniko cha distributa. Mara nyingi mwizi ni yeye. Kifungue, kikaushe, tazama ndani: ukiona mstari mweusi kama alama ya penseli kutoka ncha moja kwenda nyingine, hiyo ni njia ya kaboni ambayo umeme umeichoma. Haisuguliki ikaisha. Kifuniko kipya na rota mpya (ile ncha inayozunguka ndani yake), na waya zako ziache.

Halafu kuna hili la kujitakia. Gari lilikuwa zima Jumamosi, limepelekwa kuoshwa, kijana akaelekeza mashine ya presha kwenye injini, Jumapili linamisi. Maji yamekaa kwenye visima vya plagi. Toa waya, puliza kwa upepo, kausha, rudisha. Kabla ya kununua chochote.

Dalili ya 2: likiwa limesimama limetulia, ukikanyaga linakatakata

Unapanda daraja la juu pale Ubungo, AC inawaka, watu wanne ndani, ukikanyaga gari linadunda kama linapigwa mateke. Likiwa tambarare bila mzigo, kimya.

Sababu yake ni ya kifizikia. Ukikanyaga, hewa nyingi inaingia kwenye silinda, presha inapanda, na cheche inapata shida zaidi kuruka. Koili inalazimika kupandisha volti. Pale ambapo volti 10,000 zilikuwa zinapita salama, sasa zinahitajika nyingi zaidi, na penye udhaifu panafunguka. Hapa pia ndipo onyesho la dukani linapokufa. Yule kijana anayekuonyesha cheche nene ya bluu juu ya meza anairusha kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya silinda hewa imebanwa, hesabu ni nyingine.

Anza na plagi, si waya. Ncha zikilika kwa miaka, pengo linapanuka. Ile 11 mwishoni mwa namba ya plagi za NGK au Denso maana yake pengo ni milimita 1.1, ukipima ukakuta 1.5, koili na waya vinateswa bure. Plagi mpya zikishindwa kuponya, ndipo upime waya.

Vuta kwa kushika kofia, kamwe usivute waya yenyewe. Weka mita kwenye kiloomu, gusa ncha mbili. Vitabu vya Toyota vya injini hizi vinaweka kikomo cha kiloomu 25 kwa waya moja. Waya ndefu itasoma zaidi ya fupi, hilo ni kawaida. Isiyo kawaida ni moja kuruka mbali na wenzake, au namba kucheza ukiikunja taratibu, au mita kusoma kama hakuna kitu. Hiyo imekatika ndani.

Ila mita ina upofu wake. Inapima kwa volti chache tu. Waya yenye ganda lililotoboka itasoma vizuri kabisa, kisha ivuje ikibebeshwa volti 20,000. Kwa hiyo mita na ule ukungu wa usiku ni vipimo viwili tofauti, kimoja hakimwakilishi mwenzake.

Na usisahau mafuta. Pampu dhaifu au filta iliyoziba nayo inaonekana kwenye mlima. Tofauti utaisikia kwenye kiti: umeme ukikosekana gari linadunda kwa ghafla, mpigo mpigo; petroli ikikosekana gari linalegea polepole kama mtu anayesinzia.

Dalili ya 3: silinda moja imekufa moja kwa moja

Gari linatetema muda wote, ekzosi inapiga pu-pu-pu. Mashine ya kusoma hitilafu, kama gari linakubali, inaweza kutoa namba kati ya P0301 na P0304, namba ya mwisho ikiwa ni silinda yenyewe.

Hamisha, usinunue. Kama urefu unaruhusu, waya ya silinda mbovu ipeleke kwenye silinda nzima, na ya nzima ilete huku, kisha hakikisha kila moja imeingia kwenye tundu la distributa la silinda inayoihudumia sasa. Ugonjwa ukihama na waya, umempata. Ukibaki palepale, hamisha plagi. Ukibaki tena, ni nozeli inayonyunyiza petroli au kompresheni, yaani mbano wa silinda, na hakuna waya duniani itakayoponya vali iliyoungua. Usikae muda mrefu ukichomoa waya injini ikiunguruma ili "kusikiliza", kama tulivyozoea kuona. Koili ikikosa pa kutolea umeme inautoa kupitia ganda lake yenyewe, na petroli isiyowaka inakwenda kuunguza masega ya katalista, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi.

Ukitoa kofia ya mpira ukakuta imelowa oili, umepata jambo jingine. Kwenye injini za 5A, 4E na jamaa zake plagi zimekaa ndani ya visima, na sili za visima hivyo pamoja na gasketi ya kava la tapeti zikichoka, oili inashuka ndani. Oili inalainisha mpira mpaka unakuwa kama ubani uliotafunwa, kisha umeme unapita pembeni ya kauri ya plagi badala ya katikati. Utaona mstari mweusi kwenye kauri nyeupe. Nimeona mtu akibadilisha seti tatu za waya ndani ya mwaka, kila moja ghali kuliko iliyotangulia, huku sili za kisima zikiwa zilezile. Rekebisha sili, safisha kisima, weka waya na plagi safi.

Dalili hii ikianza baada tu ya kutoka gereji, kabla hujamlaumu mtu hesabu mpangilio. Injini hizi za silinda nne huwaka 1-3-4-2. Waya mbili zikipishana, silinda mbili zinakosa moto kwa wakati wake na gari linapiga risasi kwenye ekzosi.

Dalili ya 4: redio inakoroma, mshale wa mizunguko unarukaruka

Imeanza baada ya kufunga waya mpya za "reesi"? Basi ni zenyewe. Kila cheche ni mtambo mdogo wa redio. Kaboni kwenye waya za kiwandani iliwekwa ili kuzima kelele hiyo. Haikuwekwa kwa ubahili. Waya yenye uzi wa chuma mtupu inarusha kelele kwa redio na, mbaya zaidi, kwa sensa na kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Nimewahi kuona gari linazimika foleni ya Morocco bila sababu, likatulia baada ya kurudishiwa waya za kawaida.

Waya za uzi wa kusokotwa zilizotengenezwa vizuri zina kinga yake na hazisumbui. Shida ni kwamba feki na nzuri zinavaa rangi moja. Zile zangu nyekundu nilizipasua: ndani kulikuwa na nyuzi za shaba kama za taa ya mezani, na hizo milimita 10 zote ni mpira.

Dalili ya 5: halimisi, ila linakula mafuta na halina nguvu

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, hasa Jumatano ile ya mwanzo wa mwezi EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, wakishatoa bei mpya. Gari lisilomisi halina tatizo ambalo waya zinaweza kulitibu. Waya mbovu inakula mafuta kwa sababu ya kumisi: silinda isiyowaka inatoa oksijeni nzima kwenye ekzosi, sensa inadhani petroli ni kidogo, kontroli boksi inaongeza. Ukiondoa kumisi, mafuta yanashuka. Kama hakukuwa na kumisi, hakuna cha kuondoa.

Tafuta kwingine, na kwa Dar ningeanza na themostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto. Mafundi wetu wana tabia ya kuitoa gari likichemsha siku moja, na haitarudi tena. Bila themostati injini inachelewa kupata joto lake, kontroli boksi inaamini ni asubuhi muda wote na inamwaga petroli. Ukiona mshale wa joto unashuka ukipata upepo Bagamoyo Road, muulize fundi wako iko wapi. Baada ya hapo angalia upepo wa matairi, breki inayoshika, eya klina iliyojaa vumbi la Goba, na sensa ya oksijeni iliyozeeka. Na foleni, ambayo haina spea.

Dalili ya 6: kwenye petroli limetulia, kwenye gesi linamisi

Hii ni mpya mjini, imekuja na mitungi. Gesi asilia ni ngumu zaidi kuwaka kwa cheche kuliko mvuke wa petroli. Inadai volti kubwa. Waya iliyokuwa inajivutavuta kwenye petroli inaumbuka siku ya kwanza ya gesi, na mteja anakwenda kugombana na waliomfungia mtungi.

Punguza kwanza pengo la plagi, kama kutoka 1.1 hadi 0.8, ukifuata maelekezo ya wafungaji. Kisha fanya vipimo vya dalili ya 1 na ya 2. Na hapa, kwa haki, ganda la silikoni nene linastahili pesa yake: linavumilia joto na volti kuliko mpira wa kawaida, na halipasuki upesi. Hivyohivyo kwa mwenye turbo iliyoongezwa presha. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya waya za nje ya kiwanda: zinadumu na hazivuji.

Ukifika dukani

Uliza vitu vitatu: ganda ni silikoni, ukinzani ni kiasi gani kwa mita, na seti ni ya injini yako kwa namba, si "ya Toyota". Urefu uwe wa kila silinda. Waya ndefu kupita kiasi italala juu ya ekzosi. Seti ya kawaida ya mtengenezaji anayejulikana kwa waya au plagi inatosha gari la kwenda kazini. Mtumba wa Japani unaweza kuwa mzuri, lakini mpira wa miaka 20 ni mpira wa miaka 20, hata kama ulizaliwa Nagoya. Omba mita pale kaunta. Muuzaji anayekataa waya yake ipimwe amekujibu.

Funga moja moja, toa ya zamani weka mpya, usizitoe zote kwa pamoja ukabaki unakumbuka. Paka grisi ya silikoni kidogo ndani ya kofia, maji yasiingie. Rudisha waya kwenye vishikio vyake zisigusane wala kulala kwenye chuma. Kisha kandamiza kila kofia mpaka usikie "tik" ya kushika ncha ya plagi. Usipoisikia, itoe uirudie.